Mpira Ukioza, Besi Hufa

Spika ya sebuleni iliyotengenezwa mwaka 1978 ni nadra kufa. Inachofanya ni kuoza. Sumaku yake bado inanasa bisibisi iliyoachwa mezani, koili ya shaba bado nzima, kasha la mbao lina mikwaruzo ya watoto ambao sasa nao wana watoto. Kilichokwisha ni kipete cha sponji chenye upana wa kidole kinachoshika ukingo wa koni, pamoja na kapasita mbili tatu zilizokauka mle ndani, ambazo bei yake haiko mbali na bei ya soda. Mwenye nyumba hayajui hayo. Anasikia besi inakwaruza na mwimbaji anatolea sauti puani, basi anahitimisha kwamba redio ya mzee imekula chumvi ya kutosha, wakati umefika wa kununua sabufa.

Uamuzi wa namna hiyo ndio unaozifikisha spika kwenye meza za mafundi wa Mwanjelwa, Mbeya, na wa Miyomboni, Iringa, zikiwa zimefungwa kwa kitenge nyuma ya bodaboda. Mazungumzo hayabadiliki sana. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, kijana wangu. Hizi zimeungua. Nitazamie kama kuna mtu atazichukua hata kwa bei ya chuma chakavu." Fundi anang'oa kitambaa cha mbele, anagusa ukingo wa koni, na kidole kinarudi na unga mweusi unaonata. "Hazijaungua, mzee. Zimeoza mpira tu." Wateja wengi wakifika hapo huanza kuhisi wanaliwa pesa. Mara nyingi fundi anasema kweli.

Spika hizi zilifikaje huku juu? Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, Iringa kama mita 1,600, na yote miwili iko mbali na bandari. Kwa muda mrefu sauti iliyofika nyumbani ilitoka kwenye redio ndogo ya betri. Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, na redio za National zikawa sehemu ya samani za Mtanzania sawa na meza na kiti. Mwaka mmoja kabla ya hapo kampuni hiyohiyo ilikuwa imezindua jina la Technics huko kwao, na bidhaa ya kwanza kubeba jina hilo ilikuwa spika. Kwa hiyo National ya mkulima na Technics ya meneja zilikuwa ndugu wa baba mmoja, ingawa hazikuwahi kukaa chumba kimoja.

Kusikiliza kwenyewe kulikuwa jambo la kundi. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walijikusanya kwa vikundi kusikiliza vipindi vya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) na kujadili vyoo, malaria na maji safi. Kundi zima liliizunguka redio yenye spika moja isiyozidi upana wa kiganja. Hakuna aliyelalamika kuhusu besi.

Stereo ya spika mbili ilikuwa kitu cha wachache: daktari wa misheni, mfanyabiashara wa Uhindini, mkubwa wa shirika la umma. Lami ya barabara ya kwenda Zambia ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970 na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikamilika mwaka 1975. Njia zilikuwepo, lakini fedha za kigeni zikakauka. Baada ya vita vya Kagera maduka yalibaki na rafu tupu, na mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, kuna watu waliotupa bidhaa usiku ili zisikutwe nyumbani mwao. Kuwa na redio kubwa bila risiti hakukuwa fahari wakati huo. Upepo ulibadilika mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata. Ndipo stereo zilipoanza kupanda mlima Kitonga kwa wingi, mpya na za mtumba, zikitoka Dubai, Uingereza na Japani: Pioneer, Sansui, Technics, Wharfedale. Nyingi kati ya spika zilizoko leo juu ya kabati za Nyanda za Juu Kusini zilikuwa tayari na umri wa miaka kadhaa ziliposhushwa kwenye lori.

Ziliwasili kwa wakati wake, maana Iringa ilikuwa na muziki wa kuzipa kazi. Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kukata almasi cha Tancut mjini humo, ilivuma nchi nzima katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 ikiwa na waimbaji mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Kama bendi nyingine za mashirika ya umma, ililazimika kushuka Dar es Salaam ili irekodiwe na RTD katika studio za Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere. Bendi ilipiga kwa pamoja, wote chumba kimoja, na mafundi mitambo waliinasa kwenye utepe. Aina hiyo ya kurekodi ina tabia zake, na mtu anayetaka kufufua spika za zamani ni vizuri azijue, kwa sababu ndizo zinazoamua spika ipi inafaa na ipi ni kelele tupu.

Muziki huu wa dansi unaishi katika sauti za katikati. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hupiga mitetemo 41 kwa sekunde, yaani hezi 41, na ule wa gitaa la kawaida hezi 82. Juu ya hapo solo na ridhimu hujibizana, saksafoni na tarumbeta huingilia kati, na konsonanti zinazofanya maneno ya mwimbaji yaeleweke huwa kati ya hezi 2,000 na 4,000. Sabufa ya kisasa yenye boksi moja kubwa sakafuni na vispika viwili vya inchi 3 imekatwa vibaya kwa muziki huu. Vispika haviwezi kushuka hadi kwenye sauti nene ya gitaa, boksi nalo haliwezi kupanda hadi hapo bila kunguruma, na gitaa la ridhimu linaangukia kwenye shimo lililoachwa katikati. Kinachobaki ni dumu-dumu na tsi-tsi. Spika ya mwaka 1978 yenye wufa (koni ya sauti nene) ya inchi 8 au 10 hulibeba gitaa hilo lote kwa koni moja. Hii ni sababu ya kiufundi kabisa, mbali na mapenzi ya vitu vya kale, na ndiyo inayofanya kazi ya kuifufua iwe na maana.

Umbo la msingi la spika halijabadilika tangu mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric ya Marekani walipoeleza jinsi ya kuifanya koni ya karatasi isukumwe na koili iliyoning'inia ndani ya sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koili inaruka mbele na nyuma, koni inasukuma hewa. Shida ilikuwa besi, ambayo ilidai kasha kubwa kama kabati la nguo. Mwaka 1954 Edgar Villchur, akishirikiana na Henry Kloss huko Massachusetts, alitoa spika ya AR-1 kwa wazo lililoonekana la kichaa: alilegeza mno kiungo kinachoshika koni, akaziba kasha kabisa, akaiacha hewa iliyofungiwa ndani ifanye kazi ya springi. Kasha dogo la kukaa kwenye rafu likaanza kutoa besi ya kabati. Ndugu yake, AR-3, leo iko katika makumbusho ya Smithsonian, na viwanda vingi vya Marekani, Ulaya na Japani viliufuata mtindo huo.

Hapa Mbeya ina neno lake la kusema. Kama springi ni hewa, basi springi ya Mbeya si sawa na ya Dar es Salaam. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa asilimia 18 hivi ukilinganisha na pwani, kwa hiyo springi ya ndani ya kasha lililozibwa hulegea kwa kiasi hichohicho. Besi hushuka chini kidogo zaidi ya ilivyokusudiwa na kiwanda, jambo zuri, lakini hewa nyepesi inayosukumwa na koni hutoa sauti ndogo zaidi, tofauti isiyofika desibeli 2, na koili nayo haipoi haraka kama ingekuwa Tanga. Sikio haliwezi kuyagundua haya bila kubeba spika ileile kutoka pwani hadi Uyole, Mbeya. Mtu asidanganywe na muuzaji atakayemwambia kwamba spika yake inakwaruza kwa sababu ya baridi na mwinuko. Inakwaruza kwa sababu mpira umeoza.

Huo mpira, ambao mara nyingi ni sponji, ndio kiini cha habari yote. Spika za kwanza zilikuwa na ukingo wa karatasi iliyokunjwa au kitambaa kilichopakwa utomvu. Miaka ya 1970 viwanda vingi vilihamia sponji ya polyurethane kwa sababu ni laini, nyepesi na rahisi. Hakuna aliyefikiria miaka 40 mbele. Unyevu, hewa ya oksijeni na mwanga wa jua huivunjavunja sponji hiyo kidogokidogo, hata kama spika haipigwi, na baada ya miaka 10 hadi 20 inageuka unga. Koni ikikosa kishikio inayumba, koili inasugua kwenye chuma cha sumaku, na mkwaruzo huo ndio watu wanaouita kuungua. Ukiendelea kupiga hivyo, koili huungua kweli.

Kubadilisha kipete ni kazi ya mchana mmoja na subira ya siku nzima. Kwanza ni vipimo. Wufa mbili zinazoitwa za inchi 10 zinaweza kutofautiana kwa milimita 8, kwa hiyo fundi makini hapimi fremu peke yake. Hupima pia ukingo wa koni na upana wa kile kinundu cha sponji. Kisha anakwangua mabaki kwa kisu butu na pamba yenye spiriti, taratibu, maana koni ni karatasi na karatasi ikilowa hupinda. Kipete kipya kinagandishwa kwenye koni kwanza, kwa gundi inayobaki laini baada ya kukauka, si ile ya kukauka kama kioo. Ikishika, ndipo inakuja hatua inayotenganisha fundi na mbabaishaji: kuweka koili katikati kabisa ya tundu la sumaku, ambamo nafasi ya kila upande haizidi sana unene wa kadi ya simu.

Njia ya zamani ni kufungua kile kifuniko cha mviringo katikati ya koni na kuchomeka vipande vinne vya filamu ya picha kuzunguka koili, ili isiweze kuegemea upande wowote wakati gundi ya nje inakauka. Njia ya vijana ni simu. Programu ya bure hutoa mlio wa hezi 30, amplifaya inawashwa kwa sauti ndogo, na koni inaanza kucheza mbele na nyuma huku fundi akikibana kipete kwenye fremu kwa ncha za vidole, akisogeza nusu milimita huku, nusu milimita kule, sikio likiwa karibu na koni. Mkwaruzo ukisikika, anarudi nyuma. Ukinyamaza, anaacha mikono. Spika inalazwa kifudifudi hadi kesho yake na hakuna ruhusa ya "tujaribu kidogo".

Wapo wanaojaribiwa kukata ukingo kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Mpira huo utadumu kuliko nyumba, lakini ni mzito na mgumu. Koni haitacheza vya kutosha na besi yote ya Villchur itakuwa imezikwa. Koni iliyopasuka, kwa upande mwingine, hukubali dawa ya nyumbani: kipande cha tishu na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, tabaka moja mbele na moja nyuma. Kazi ya mende na panya hurekebishika kwa namna hiyo.

Besi ikirudi, watu wengi huridhika na kuishia hapo, na kwa kuishia hapo hupoteza nusu ya kazi. Nyuma ya spika kuna kibao kidogo kinachoitwa krosova, kinachogawa muziki: sauti nene kwa wufa, nyembamba kwa tuita. Mlinda mlango wa tuita ni kapasita, na zile za zamani zina majimaji ndani yake ambayo hukauka na umri. Tuita haifi, inafifia. Matoazi yanakuwa kama yanapigwa chumba cha pili, herufi "s" inapotea mdomoni mwa mwimbaji, na mwenye redio anafidia kwa kuzungusha kitufe cha trebo hadi mwisho. Dawa ni kuweka kapasita mpya ya thamani ileile iliyoandikwa juu ya ile ya zamani, kwa kawaida kati ya maikrofaradi 2 na 10, na ya volti 50 au zaidi. Lazima iwe isiyo na upande wa chanya na hasi. Duka la Iringa likikosa aina hiyo, mbili za kawaida huunganishwa hasi kwa hasi. Mbili za maikrofaradi 10 zikiunganishwa hivyo hutoa 5. Zote mbili, kulia na kushoto, hubadilishwa siku moja, la sivyo mwimbaji atahamia upande wenye kapasita mpya.

Mwimbaji kukaa mahali pake ndilo jambo linalofuata. Rekodi nyingi za RTD ni za mono: kinachotoka kulia ndicho kinachotoka kushoto. Zikipigwa kwenye spika mbili zilizounganishwa vizuri, sauti za Kasaloo na Kyanga Songa hazitoki kwenye spika yoyote kati ya hizo mbili bali zinasimama hewani katikati yake, pale pasipo na kitu. Zikiunganishwa vibaya, moja chanya kwa chanya na nyingine chanya kwa hasi, koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Besi zinafutana na mwimbaji anatawanyika chumba kizima. Ni kosa la kawaida mno, na chanzo chake mara nyingi ni nyaya zisizo na alama zilizounganishwa haraka siku ya kuhama. Kipimo chake ni betri moja ya tochi ya volti 1.5. Chanya ya betri ikiguswa kwenye kichwa chekundu cha spika na hasi kwenye cheusi, kwa kufumba na kufumbua tu, wufa inapaswa kuruka nje. Ikirudi ndani, kuna mtu aligeuza waya. Na kwa kuwa tunazungumza waya: zile nyembamba za simu zinafaa kwa simu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, uleule wa kufungia taa za nyumbani, kwa umbali wa mita 5 kwenda na 5 kurudi una ukinzani wa karibu omu 0.1, na hakuna sikio litakalolalamika. Waya za maelfu ya shilingi kwa mita ni biashara ya mtu mwingine.

Biashara nyingine ya kuepuka ni wati. Maboksi ya redio za dukani yamejaa tarakimu za PMPO (nguvu ya kilele inayodaiwa na muuzaji), wati 3,000, wati 5,000, kutoka kwenye mashine ambayo ikipimwa kwa haki haifiki 30. Spika ya zamani yenye adabu hutoa karibu desibeli 90 kwa wati 1 ukiwa umesimama mita 1 mbele yake, na hiyo ni sauti ya kumfanya jirani agonge ukuta. Ili kuongeza desibeli 3 tu, wati hudai kuongezwa mara mbili. Sebule ya kawaida hula wati chache mno jioni nzima. Kinachoua tuita ni amplifaya ndogo iliyolazimishwa kupiga harusi, ikaanza kukata vichwa vya mawimbi na kutoa makali yasiyokuwa kwenye muziki. Kuunganisha spika nne mahali pa mbili nako kunachoma, kwani jozi mbili za omu 8 zikifungwa sambamba huwa omu 4, na amplifaya nyingi za zamani hazikuandaliwa kwa mzigo huo.

Amplifaya za mtumba kutoka Japani zina mtego mmoja wa pekee. Umeme wa huko ni volti 100, wa TANESCO ni 230. Spika haijali, lakini amplifaya iliyochomekwa bila transfoma ya kushusha umeme hutoa moshi kabla haijatoa wimbo. Maandishi yako nyuma, karibu na mahali waya wa umeme unapoingia, na mtu asiyesoma Kijapani bado anaweza kusoma 100V.

Makasha nayo yana habari yake. Kasha la chipubodi likinyeshewa au likisimama kwenye sakafu inayofuliza unyevu masika yote, huvimba chini na kufumuka, hewa inavuja, na springi ya Villchur inakwisha. Kupima ni rahisi: wufa ikisukumwa kwa vidole kwa upole kisha ikaachiwa, katika kasha lililozibwa vizuri hurudi polepole. Ikirudi ghafla, kuna tundu. Nyanda za Juu zimebahatika kwa mbao. Msitu wa Sao Hill uko Mufindi na Mafinga kuna viwanda vya plaiwudi. Seremala wa hapo akipewa kasha la zamani kama kielelezo anaweza kutoa jingine la ukubwa uleule wa ndani, na ukubwa wa ndani ndio wa kuheshimiwa kuliko umbo la nje. Akatae tu mbao mbichi za msindano. Zitakauka zikiwa sebuleni, zitapinda, na pembe zitafunguka kabla ya msimu kwisha. Gilbert Briggs, aliyeanzisha Wharfedale nchini Uingereza mwaka 1932, alikwenda mbali zaidi: aliuza spika zenye ubao wa tabaka mbili zilizojazwa mchanga mkavu katikati, ili mbao zisiimbe pamoja na koni. Mchanga upo wa kutosha Ruaha Mdogo. Anayetaka kujaribu hana udhuru isipokuwa uzito.

Mwisho ni chumba, na chumba ndicho kinachoharibu kazi ya mafundi wote. Sebule ya tofali za kuchoma zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji au vigae, dari ya jipsamu: kila ukuta unairudisha sauti. Mtu akipiga kofi moja katikati ya chumba akasikia mlio wa kengele unaofuatia, asilaumu spika. Zulia mbele ya spika, pazia zito dirishani na makochi ya kitambaa vitafanya zaidi ya amplifaya mpya. Spika zitolewe kwenye pembe, ambako besi huvimba na kunguruma, zisogezwe angalau hatua moja ndogo kutoka ukutani, na zipandishwe juu ya vigoda hadi tuita ilingane na masikio ya aliyeketi. Umbali kati yake ukaribie umbali wa kutoka kila moja hadi kwenye kochi. Kwenye mengi ya makabati ya Mbeya, spika moja iko juu karibu na dari na nyingine chini nyuma ya mlango, juu yake pana televisheni na maua ya plastiki. Hapo hakuna kapasita itakayosaidia. Na kati ya Novemba na Aprili, mvua ya Mbeya ikianza kupiga bati lisilo na dari, hakuna spika wala wati zitakazoshinda. Zima, subiri ikatike.

Basi msomaji mwenye jozi ya namna hii darini au stoo asiikabidhi kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla ya kuipima. Fungua kitambaa cha mbele, gusa ukingo, kisha chukua testa, iweke kwenye omu na ugusishe ncha zake kwenye vichwa viwili vya nyuma. Spika iliyoandikwa omu 8 ikisoma kati ya 5.5 na 7, au ya omu 4 ikisoma 3 na kitu, koili ya wufa ni nzima. Tuita hupimwa kwenye nyaya zake yenyewe, kwa kuwa kapasita huizuia testa isiione kutoka nyuma. Zote mbili zikijibu, kilichobaki ni kipete, gundi, kapasita na siku moja ya kusubiri zikauke.